Kusafisha maandishi yaliyoskaniwa ili asiyeona asome kilichoandikwa

Faili la PDF lililoskaniwa huwa na vitu viwili vilivyobebana. Juu kuna picha ya ukurasa, ambayo mwenye kuona anaisoma bila taabu. Nyuma yake kuna maandishi ambayo kompyuta imeyakisia kutokana na picha hiyo, na hayo ndiyo anayosomewa asiyeona anayetumia kisoma skrini, yaani programu ya kusoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu. Wewe unaona "mwalimu", yeye anasomewa "rnwalirnu". Wewe unaona "Sh. 7/50", yeye anasikia elfu saba mia moja na hamsini. Na kama kazi ya kutambua maandishi, ile inayoitwa OCR, haikufanywa kabisa, hasikii kitu.

Kwa hiyo kabla ya lolote, jua anasikia nini. Fungua faili, bonyeza Ctrl+A kisha Ctrl+C, bandika kwenye Notepad. Usiitazame tena ile PDF. Unachokiona hapo, pamoja na vurugu zake zote, ndicho kitabu alichopewa. Pakiwa patupu, basi amepewa picha tu.

Mwongozo huu unamlenga anayetaka kumwandalia mwanafunzi, mwanachama mwenzake au mzazi wake hati ya Kiswahili iliyochapwa: kitabu cha shule cha zamani, katiba ya chama, diwani ya mashairi, barua ya ofisi. Maandishi ya mkono siyagusi, wala hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hizo kaa uzipige taipu mwenyewe, utamaliza mapema kuliko kusahihisha.

Kuhusu hakimiliki, Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 30, 2016. Unazitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu kugeuzwa katika maumbo yanayosomeka na wasioona bila kuomba idhini ya mwenye haki. Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga. Namna ruhusa hiyo inavyotumika hutegemea sheria ya kila nchi, hivyo kama unaandaa kitabu kizima cha kugawa, fanya kazi chini ya mwavuli wa maktaba, shule au chama cha wasioona.

Hatua ya 1: Picha safi

Skani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Maandishi yakiwa madogo, kama ya tanbihi au kamusi, panda hadi 400. Chagua rangi ya kijivu badala ya nyeusi na nyeupe tupu, maana nyeusi na nyeupe hufuta vimstari vyembamba vya herufi, hasa kile cha kukatiza "t". Hifadhi kwa PNG au TIFF. Ukitumia simu, piga mchana karibu na dirisha, zima flashi, na uishike simu iwe sambamba na ukurasa.

Angalia sana sehemu kitabu kinapojikunja katikati. Kwenye ukurasa wa kulia, herufi za mwanzo wa kila mstari ndizo zinazozama kwenye mkunjo huo. Kandamiza kitabu kilale, au piga kila ukurasa peke yake. Herufi moja ya mwanzo wa neno la Kiswahili inaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko unavyodhani, na nitaeleza hapo chini kwa nini.

Hatua ya 2: Iambie programu kwamba hiki ni Kiswahili

Tesseract ni programu ya bure iliyoanzia katika maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005. Ina data ya Kiswahili, ambayo jina lake ni swa. Usipoitaja, programu hufanya kazi kwa Kiingereza na kuyavuta maneno yako huko. Amri, ambayo unaiandika kwenye dirisha la amri la kompyuta (Command Prompt kwenye Windows), ni hii:

tesseract ukurasa01.png ukurasa01 -l swa

Kama hati inachanganya lugha mbili, andika -l swa+eng. Kama tayari una PDF na unataka tu kuiwekea maandishi nyuma ya picha, tumia programu nyingine, OCRmyPDF:

ocrmypdf -l swa --deskew --rotate-pages ya-zamani.pdf mpya.pdf

PDF ikiwa tayari ina maandishi mabovu ya awali, ongeza --force-ocr ili yafutwe na kuanza upya.

Mimi sipendi kusahihisha ndani ya PDF. Yale maandishi ya nyuma ni magumu kuyafikia, mpangilio wake ni mgumu kuubadilisha, na mwenye uoni hafifu hawezi kukuza herufi bila ukurasa kukimbia nje ya skrini. Toa maandishi matupu, yasahihishe, kisha yapange kwenye Word. Maelezo yanayofuata yanachukulia hivyo, na kihariri ninachokitumia ni Notepad++, ambacho hakilipiwi.

Hatua ya 3: Msako wa jumla

Hapa Kiswahili chenyewe kinakusaidia. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Neno linaloishia na konsonanti ama ni jina la mtu au mahali, ama ni kifupisho, ama ni kosa. Herufi "c" haikai bila "h". "Q" na "x" hatuna. "Rn" haipatani, "vv" haipo. Mashine haijui adabu hizi, na kila inapozivunja inajiumbua.

Bonyeza Ctrl+H, chagua Regular expression, yaani kutafuta kwa muundo wa herufi badala ya neno kamili, kisha tafuta moja baada ya nyingine:

[b-df-hj-np-tv-z]\b(?!['’])
c(?!h)
rn
vv
[qx]
[a-z][0-9]|[0-9][a-z]

Ya kwanza inakamata maneno yote yanayoishia na konsonanti, ila inaruka ng' ya ng'ombe. Itakuletea "Bw.", "Yusuf" na "Dar es Salaam", ambayo utayapita, na itakuletea "watot", "shulen" na "kwamb", ambayo ndiyo uliyoyafuata. Ya pili inakamata "clada" iliyokuwa "dada" na "mcoto" aliyekuwa "mtoto". Ya tatu ni m iliyopasuka, ya nne ni w iliyopasuka. Ya mwisho inakamata "Kiswahi1i" na "196l".

Ongeza na hii: ahp|ahm|ahk. Herufi "l" na "i" zikisogeana husomwa kama "h", kwa hiyo "alipokuja" huwa "ahpokuja" na "alimwona" huwa "ahmwona". Utakutana na Ahmed na mahkama njiani, waache wapite.

Unapoendelea, weka orodha ya makosa pembeni. Mashine hurudia kosa lilelile kwa chapa ileile, na kurasa kumi za kwanza zitakuonyesha tabia ya kitabu kizima. Ukipata "rnwalirnu", lirekebishe kwa mpigo mmoja kitabu kizima. Lakini ruhusa hiyo ya kubadilisha yote kwa mpigo itumie tu kwa kitu kisicho neno. Kikiwa neno halali, simama, tazama picha, amua mahali kwa mahali.

Hatua ya 4: Makosa yanayosomeka vizuri

Msikilizaji akikutana na "ahpokuja" anajua kuna hitilafu. Atakunja uso, atarudia, atakisia, ataendelea. Kosa la hatari ni lile linalosikika sawasawa, na kikagua tahajia hakiwezi kulikamata, kwa sababu ni Kiswahili sanifu kisicho na doa.

Chukua kifungu cha katiba ya chama cha kuweka na kukopa: "Mwanachama aliyechelewesha marejesho hatapewa mkopo mpya." Neno "hatapewa" limeanguka mwanzo wa mstari, kwenye ukurasa wa kulia, palepale kitabu kinapojikunja. "H" imezama. Kilichobaki ni "atapewa". Sentensi ni safi, ila sheria imegeuka. Hali ni hiyo kwa "hutalipwa" na "utalipwa". Nafsi nyingine zina nafuu, maana "hatutapewa" ikikatwa inakuwa "atutapewa", na msikilizaji anashtuka. Nafsi ya yeye na ya wewe ndizo zisizojitetea.

Kwa hati yoyote yenye masharti, yaani katiba, mkataba, maelekezo ya dawa au ya mtihani, tafuta \b(ata|uta) na ulinganishe kila tokeo na picha. Ni kazi ya kuchosha. Ifanye.

Jozi nyingine za kuwinda ni za herufi zinazofanana. "T" iliyofifia kimstari husomwa "l", hivyo "kati" huwa "kali", "kuta" huwa "kula", na katika mashairi "mtima" wa mshairi hugeuka "mlima". "H" iliyovimba wino huwa "b": "hali" inakuwa "bali", "hata" inakuwa "bata". "N" huwa "u", na hapo "kuna watu" hugeuka "kuua watu". Tafuta lile neno lisilotarajiwa la kila jozi, si lile la kawaida. Kitabu cha hesabu kikiwa na bata saba, huenda sita kati yao ni "hata".

Tarakimu hazina msamaha wa muktadha, kwa hiyo zisome zote, moja moja, mbele ya picha. Katika vitabu vya zamani bei huandikwa kwa mkwaju (/) kati ya shilingi na senti, na mkwaju huo mashine huuona kama 1. Ndiyo 7/50 ikawa 7150. Usiandike upya kwa mtindo wa leo. Rudisha mkwaju ulivyokuwa, na mwanzoni mwa faili weka maelezo mafupi kwamba 7/50 ni shilingi saba na senti hamsini. Tarehe, namba za simu na vifungu vya sheria vinahitaji jicho hilohilo.

Penye muhuri wa ofisi uliofunika maneno, au karatasi iliyoliwa na mchwa, usikisie. Andika [maneno mawili hayasomeki, yamefunikwa na muhuri]. Anayeona angeona kwamba pamezibwa, na asiyeona ana haki ya kujua hivyo pia.

Neno kuhusu akili mnemba. Ukiipa programu ya mazungumzo ukurasa na kuiambia isahihishe, italeta maandishi yanayoteleza vizuri, na hilo ndilo tatizo lake. Inaweza kubadilisha usemi wa mwandishi uwe sanifu bila kukwambia. Katika shairi la lahaja ya Kimvita au Kiamu utakuta "nti" imekuwa "nchi" na "mato" yamekuwa "macho". Itumie kukuonyesha mahali pa kutilia shaka, halafu picha ndiyo iamue.

Hatua ya 5: Ng' na kibainishi chake

Kibainishi cha ng'ombe hutoka kwenye OCR kwa sura nyingi: kimoja kimenyooka, kingine kimejikunja kulia, kingine kushoto, kingine ni alama ya kunukuu. Kisoma skrini kinaweza kutamka jina la alama hiyo katikati ya neno, au kulikata neno vipande viwili. Tafuta ng[`‘’´"] na uweke kibainishi kimoja kilichonyooka kila mahali. Zima pia ile tabia ya Word ya kukunja alama hizi yenyewe unapoandika. Kisha tafuta yaliyopoteza alama kabisa: ngombe, ngambo, kungaa, kungata, nongona, ninginia. Ngoma iache, haidaiwi.

Hatua ya 6: Mpangilio wa usomaji

Maneno yetu ni marefu, na wachapaji huyakata mwisho wa mstari. "Wanapokwe-" juu, "nda" chini. Kwa sikio hayo ni maneno mawili yasiyo na maana. Tafuta -\R na kuacha nafasi ya kubadilisha ikiwa tupu, ila pitia tokeo moja moja, kwa sababu baadhi ya vistari ni vya kweli.

Kisha unganisha mistari ya aya moja. Tafuta ([^\r\n])\R(?=[^\r\n]) na ubadilishe kwa \1 ikifuatiwa na nafasi moja. Usifanye hivyo kwenye mashairi, orodha wala majedwali, la sivyo utayasaga yote kuwa uji.

Vichwa vinavyojirudia juu ya kila ukurasa viondoe. Msikilizaji yuko katikati ya sentensi ya kusisimua, ghafla anasomewa "Sura ya Pili", kisha sentensi inaendelea. Ila namba za kurasa usizitupe. Mwalimu akisema darasani "fungueni ukurasa wa 47", mwanafunzi asiyeona naye afike huko. Weka "Ukurasa wa 47" kama aya inayojitegemea pale ukurasa unapoanza, na sentensi ikiwa imekatwa na ukurasa, imalize kwanza ndipo uweke namba.

Hamishia sasa kwenye Word. Vichwa vya sura vipe mtindo wa Heading 1, vya sehemu Heading 2. Kukoza herufi na kuzikuza hakutoshi, maana mtumiaji wa NVDA huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kubonyeza H, na kwake herufi nene si kichwa. Majedwali yaandike upya kwa mkono kwa zana ya jedwali, kwani OCR huyavuruga mno. Picha zipe maelezo mafupi ya kile ambacho msomaji anapaswa kukipata kutoka kwayo. Mchoro wa moyo katika kitabu cha baiolojia unahitaji vyumba vinne na mishipa yake itajwe, wakati ua la kupamba ukurasa halihitaji kitu.

Jambo linalosahaulika ni lugha ya hati. Chagua maandishi yote na uyawekee lugha ya Kiswahili kwenye sehemu ya Review. Ukitengeneza ukurasa wa wavuti, weka lang="sw". Bila alama hiyo kisoma skrini kinaweza kusoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, na kazi yako yote itasikika kama mgeni anayesoma bango la barabarani.

Mashairi yana hatua yake

Shairi la kawaida la mishororo minne hugawanyika kati: ukwapi upande wa kushoto, utao upande wa kulia, na mara nyingi wachapaji huacha pengo katikati. Mashine ikiona pengo inadhani ni safu mbili za gazeti. Inasoma ukwapi wote wanne kwenda chini, kisha inarudi kusoma utao wote wanne. Maneno yote ni sahihi, ila shairi limekufa. Dawa ni kuiamuru isome ukurasa kama kipande kimoja:

tesseract shairi.png shairi -l swa --psm 6

Baada ya hapo, hesabu mizani. Ni kipimo cha bure ambacho nathari haina. Tuseme mshororo ni huu: "Msomaji nakuomba, sikiliza kwa makini." Mizani nane, kisha nane. OCR imekupa "sikiza kwa makini". Sikiza ni neno halali, maana yake ileile, hakuna programu itakayolikataa. Lakini utao umekuwa wa mizani saba. Hesabu irabu, kumbuka "m" inayosimama peke yake kama ya "msomaji" ni silabi kamili, na penye upungufu rudi kwenye picha. Vina vifanye vivyo hivyo: ubeti wenye kina cha -ni mwishoni, halafu mshororo mmoja ukaishia -ui, ni "n" iliyopinduka. Washairi nao huzidisha au kupunguza mizani kwa makusudi, kwa hiyo mizani inakuonyesha pa kutazama tu. Neno la mwisho ni la picha.

Hatua ya 7: Sikiliza

Jicho husahihisha lenyewe. Linasoma "mwanafuzi" na kukwambia "mwanafunzi". Ndiyo maana ukaguzi wa mwisho ni wa sikio: sauti inasoma maandishi yako, macho yako yako kwenye picha ya asili, na kidole kiko tayari kusimamisha. NVDA ni ya bure na huja na eSpeak NG, ambayo ina Kiswahili. Sauti yake ni kavu kama bati, lakini haifichi kosa, na kwa ukaguzi naiona bora kuliko sauti tamu. Kwa kusikiliza kwa muda mrefu, kivinjari cha Edge kina sauti za Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania katika Read aloud.

Kisha mpe sura moja msomaji asiyeona kabla hujamaliza kitabu. Atakwambia vitu ambavyo hukuvifikiria, kama tanbihi zinazokatiza maelezo, au nyota tatu za kupamba zinazosomwa "nyota nyota nyota" kila baada ya aya. Ni nafuu kusikia hayo ukiwa sura ya kwanza kuliko ya ishirini.

Kukabidhi

Toa faili la Word, na PDF iliyotengenezwa kutoka Word hiyohiyo kwa anayeitaka. Atakayehitaji nukta nundu, faili la Word lililopangwa vizuri ndilo linaloingizwa kwenye programu ya kugeuza. Picha za asili zihifadhi, kwa sababu siku msomaji atakapouliza "hapa ni hatapewa au atapewa?", utahitaji kufungua ukurasa ule ule. Mwanzoni mwa faili andika mistari mitatu: kitabu ni toleo gani la mwaka gani, nani amesahihisha na lini, na makosa yaliyobaki yatumwe wapi.